Nne Mbili, na Wa Kwanza Kusema

Kwa nini wanachama wasipige kura? aliuliza tangu anaingia, na mwenyekiti aliendelea kuchanganya karata kana kwamba limepita gari nje, kisha akasema kuitisha mkutano wa klabu nzima ya mdahalo ni usumbufu, wagombea wote watano wapo, yeye mwenyewe mmoja wao, mchezo wa poka utaamua, na yeye aliyeuliza, na mdomo wote ule wa jukwaani, akavuta kiti akakaa, akapokea vifuniko vyake ishirini vya soda vya kuwekea dau kama wenzake, na sasa amebakiwa na saba, na mkononi ana nne ya kopa na nne ya shupaza, jozi, lakini jozi gani hiyo, na tena ni yeye wa kwanza kusema kama anafuata dau au anatupa karata… kaka yake alimfundisha kwenye meza ya jikoni, wakichezea njiti za kiberiti, jozi ndogo ukiwa wa kwanza tupa, mdogo wangu, nyuma yako wapo watu hujui wameshika nini, ukifuata dau atatokea wa kulipandisha, na hiyo nne nyingine unayoiombea haitui kwenye karata tatu za kwanza za mezani ila mara moja kati ya nane, na yeye alikuwa hatupi, kaka akamkomba njiti zote… mweka hazina anamuuliza, dada umelala, nafasi ni moja, moja tu, ya kwenda kukisemea chuo kwenye mashindano ya mdahalo, naye yuko mwaka wa mwisho, miaka miwili wamempanga msemaji wa kwanza, afungue mada wenzie wakikuna vichwa, kisha waje nyuma yake wajibu wakiwa wameshamsikia… “Ameanza kuzihutubia hizo karata,” anasema katibu, wanacheka, na yeye anacheka, anacheka nini, akitupa, kila mzunguko utamla kifuniko mpaka aishe kimyakimya, akitia vyote na mtu ameshika jozi ya tisa, kwaheri, halafu aseme nini, kwamba utaratibu ni mbovu? watasema ameshindwa ndiyo maana analalamika, na akishinda je… hapo anakwama, akishinda ataliuliza tena lile swali? haulizi, anajijua, atabeba begi lake, na wanachama arobaini walioko madarasani watasikia kesho kwamba wamepata mwakilishi, kwa hiyo akishindwa hasikilizwi na akishinda hasemi, basi lini, kama si sasa, karata zikiwa zimelala kifudifudi na hakuna anayejua ni nzuri au mbaya, na tazama, wote wanne wanamngoja, hawana ruhusa ya kufanya lolote mpaka yeye aseme, miaka miwili anakichukia kiti hiki cha kwanza, kumbe… “Unafuata au unatupa?” mwenyekiti anauliza, na kiganja chake bado kimezifunika nne mbili, vifuniko bado saba, anainua macho.

“Mwenyekiti, naomba tuwaite wanachama wapige kura.”