Pedali Ndani ya Jiwe

Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya sauti vya matanga. Ukifiwa mahali popote kati ya Birongo na Gesima, huenda sauti ya mchungaji anayemzika mtu wako inapita kwenye nyaya zangu. Nimesikiliza wasifu wa marehemu wengi mpaka naweza kuusoma bila karatasi: alizaliwa, akasoma, akaoa, akaugua, akatutoka. Nikirudi Daraja Mbili mjini Kisii, kwenye chumba changu nyuma ya stoo, mgongo unauma, masikio yanavuma, na kitu pekee ninachotaka ni kelele yangu mwenyewe.

Napiga gita la hevi metali. Ndiyo, mimi Bitutu, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, niliyebatizwa kwetu Tabaka na kuimba kwaya huko huko. Watu huniuliza kama huo si muziki wa shetani. Zamani nilikuwa nawaeleza. Siku hizi nimechoka, nawaambia ni wa shetani, wanakwenda zao.

Sauti ninayoitaka nimeitafuta miaka kumi na miwili. Wengi hudhani ni suala la kufungua kila kitu mpaka mwisho, na hata mimi nilianza hivyo. Pedali ya kukwaruza sauti, kile kidude cha gita cha kukanyaga kwa mguu, niliizungusha yote, besi juu, sauti kali juu, ya katikati nikaifuta kabisa. Nikiwa peke yangu chumbani ilitisha. Zilipoingia ngoma, gita halikusikika tena. Aliyenifungua macho ni Okinyi, fundi wa elektroniki kutoka Oyugis mwenye kibanda mkabala na stoo yangu. Ndiye pia mpiga ngoma wangu, kwa kuwa hakuna mwingine anayekubali.

"Hiyo ya katikati ndio gita yenyewe," aliniambia. "Umeitoa yote, sasa watu wasikie nini? Rudisha. Na upunguze hiyo kukwaruza, imezidi bana."

Nikarudisha, nikapunguza. Nikalegeza nyuzi zikashuka chini zaidi. Zile spika za honi za matangani, zinazolia kama bati, nikaziweka kando na kufunga spika ya inchi kumi na mbili niliyoitoa kwenye boksi lililoungua. Sauti ikaanza kuja. Kilichobaki kilikuwa kimya. Muziki huu ni wa kupiga na kukata: unapiga nyuzi, unazizima kwa kiganja, na pale katikati pasiwe na kitu chochote. Pakibaki hata mvumo kidogo, uzito wote umekwisha.

Mwezi wa pili mimi na Okinyi tulimaliza kuunda pedali yetu wenyewe. Ilikuwa saketi tupu, imelala mezani na nyaya zake, inangoja kasha. Nikamtajia Tata kwenye simu, bila kuwaza. Ndivyo ninavyomwita baba yangu, mzee Nyabuto, aliyechonga mawe ya sabuni Tabaka kwa miaka arobaini na mitano.

"Kasha la chuma la nini?" akasema. "Mawe yameisha?"

Fundi yeyote angekataa hapo hapo. Saketi inayokuza sauti namna ile huhitaji chuma cha kuikinga, na mimi nalijua hilo vizuri. Lakini mtoto wa Tabaka ukimtajia jiwe, anaona shida zote zimekwisha. Tumekula jiwe, tumesoma kwa jiwe, hata sahani ya sabuni bafuni ni jiwe. Nikampa vipimo.

Alichonga kitu kizuri. Hakuweka kiboko wala twiga kama kwenye vitu vya watalii. Kilikuwa kisanduku cheupe chenye mishipa ya waridi, pembe laini, na kifuniko kilichokaa bila skrubu. Wiki mbili baada ya kunikabidhi, daktari alimpiga picha ya kifua, akaiangalia muda mrefu, kisha akamwambia vumbi basi. Hata siku moja zaidi, alisema, itamgharimu. Nilikuwepo. Tata aliitikia kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia asiyokusudia kupita.

Ndipo nikafunga saketi ndani ya jiwe na kuwasha. Nilipiga, nikazima nyuzi kwa kiganja, na badala ya kimya akatoka mwanamume akisoma matangazo ya vifo kwa Ekegusii, lugha yetu. Jina la marehemu, watoto aliowaacha, siku ya mazishi. Nikakaa sakafuni. Nilicheka kwanza, halafu kicheko kikaniisha. Wiki nzima niko matangani, na sasa yamenifuata mpaka kwenye gita.

"Hii jiwe haizuii kitu," Okinyi alisema. "Inashika redio yote ya Kisii. Weka kwa mkebe, Bitutu."

Tukahamishia saketi kwenye kopo dogo la maziwa ya unga, tukaliunga kwa risasi ya kuyeyusha pale panapostahili. Kimya kikaja kamili. Baada ya miaka kumi na miwili niliipata sauti yangu ndani ya kopo, na sikuweza kumwambia mtu niliyetaka kumwambia. Namjua Tata. Tangu kwa daktari alikuwa hajachonga kitu, lakini kisu hakikumtoka mfukoni. Angesikia kwamba kisanduku kimeshindwa, angeingia machimboni siku hiyo hiyo kutafuta jiwe lingine, na jiwe hilo lingemmaliza. Kwa hiyo kila Jumapili alipopiga simu na kuuliza, "Kisanduku kinasemaje?" nilijibu, "Kinasema vizuri, Tata." Kisanduku chenyewe kilikuwa sakafuni, kikizuia mlango usijifunge.

Jumapili moja mwezi wa tano hakupiga simu. Alikuja. Alitoka misa ya kwanza akaja moja kwa moja, koti la kanisani mwilini, pumzi inamkwama kwenye ngazi tatu tu za stoo. Okinyi alimwona kutoka kibandani na kuingia mbio kunisaidia. Wakati Tata anavuta pumzi nje, tulifanya uhuni wetu: kopo tukalificha nyuma ya spika likiwa limewashwa, kisanduku tukakiweka mbele ya miguu yangu, tukachomeka nyaya mbili zisizokwenda popote.

"Mzee, bwakire," Okinyi alimwamkia, na Ekegusii chake kikaishia hapo.

"Bwakire. Nimekuja kusikia," Tata alisema. Akiwepo mgeni huongea Kiswahili, na Okinyi kwake bado ni mgeni. Akaketi juu ya boksi la spika, mikono magotini.

Nikakikanyaga kisanduku kwa madaha, nikapiga. Nikakata. Kimya kikaja safi. Tata aliinamisha kichwa upande mmoja, na mkao ule naujua. Ndivyo anavyokaa akigonga jiwe kabla ya kulichonga. Hugonga kwa kisu, husikiliza, na jiwe likiwa halina ufa husema neno moja tu: "Safi." Likiwa na ufa hasemi kitu, analitupa shimoni.

Safari hii hakusema kitu. Nilipopiga tena, aliinama, akakiinua kisanduku kwa mkono mmoja. Nyaya zikachomoka, na gita likaendelea kunguruma.

"Hii nilichonga mimi," alisema. "Najua uzito yake ikiwa tupu."

Okinyi akaangalia kucha zake. Mimi nikazima amplifaya. Sikuwa na nguvu ya uongo mwingine, nikamwambia yote, redio, matangazo ya vifo, kopo. Nikalileta kopo lenyewe na kumwekea mapajani. Alilizungusha, akalipima kwa vidole, akapima kisanduku kwa vidole vile vile. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti la kanisani na kutoa kisu chake cha kuchongea.

"Umekuja na kisu kanisani?" nikauliza.

"Kila Jumapili unasema vizuri, vizuri. Kitu ikiwa vizuri mtu anaeleza. Wewe ulikuwa unanyamaza haraka." Akageukia Okinyi. "Mkebe itaingia ndani ya jiwe. Natoa kidogo hapa, kidogo hapa. Saa moja tu."

"Tata, daktari alisema nini?"

"Saa moja."

"Daktari alisema nini!"

Sijawahi kumpigia baba yangu kelele maishani mwangu. Okinyi alirudi nyuma hatua moja. Tata alikaa na kisu mkononi, kifua kikipanda na kushuka kwa shida, na nikaona jinsi alivyokuwa mdogo ndani ya lile koti. Nikaleta beseni la kufulia, nikalijaza maji, nikakizamisha kisanduku. Jiwe lililolowa halitoi vumbi. Kisha nikanyoosha mkono nipewe kisu.

Kwetu jambo hilo halifanyiki. Wanaume huchonga. Wanawake na wasichana hukaa kwenye mabeseni na msasa, wakilainisha kile ambacho wanaume wameshamaliza. Mimi nimelainisha viboko wa kutosha kujaza ziwa, lakini kisu cha Tata sikuwahi kukigusa. Aliuangalia mkono wangu.

"Jiwe ikilowa inateleza," alisema. "Utajikata."

"Nitajikata."

Akanipa. Nilichonga nikiwa nimepiga magoti, maji ya kijivu yakinimwagikia sketini, naye akigonga ukuta wa kisanduku kwa ukucha kutoka nje na kuniongoza. "Endelea. Endelea. Geuza. Pole pole." Mabega yaliwaka moto. Nikajiuliza aliwezaje miaka arobaini na mitano, akiwa na watoto sita wa kulisha, na hakuna hata siku moja niliyomuuliza kama anaumwa mikono. Kopo lilikuwa limebakiza upana wa uzi kuingia. Tata akasema, "Wacha." Nilisikia. Mkono ulikuwa umeshakwenda.

Ufa ulitoka mdomoni mwa kisanduku ukashuka pembeni mpaka chini. Ulitoa mlio mdogo tu. Nikakaa juu ya visigino vyangu. Kazi yake ya mwisho duniani, na nimeivunja mimi.

"Tata, nisamehe."

Kisanduku kiliingia mikononi mwake, akakigonga upande mmoja, akakigonga upande mwingine. Nilingoja akitupe. Akasema, "Jaribu mkebe."

Kopo likaingia. Ufa ulikuwa umelipa nafasi. Okinyi, bila kuambiwa, akakata kipande cha waya mweusi wa vyombo vya matanga, akazungusha kisanduku mara mbili, akakaza kwa koleo. Kikawa kitu kibaya kweli, jiwe zuri limefungwa kama mzigo wa kuni. Tukachomeka nyaya, za kweli safari hii.

Sikupiga kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Nilikuwa nimechoka mno kwa hilo. Nilipiga tu, chini kabisa, taratibu, nikakata, nikapiga, nikakata. Madirisha yalitikisika. Tata aliinamisha kichwa.

"Rudia hapo unanyamaza," alisema.

Nikarudia. Nikazima nyuzi kwa kiganja, na chumba kizima kikatulia, pasiwe na redio wala mvumo, isipokuwa pumzi ya baba yangu.

"Safi," alisema.

Alikunywa chai, akakataa kusindikizwa, akasema kituo anakijua. Nilipokuwa nakunja nyaya nikakiona kisu juu ya amplifaya, kimepanguswa, kimelazwa sawasawa. Nikakimbia nacho mpaka barabarani. Alikuwa amesimama kando ya wauza ndizi, akipumzika.

"Tata, umesahau kisu."

"Sikusahau."

"Kesho utakitafuta."

Hapo tulikuwa wawili, akasema kwa Ekegusii, polepole, "Bitutu, nimechoka."

Akanishika bega kidogo, akaendelea na safari yake. Miezi mitatu nilikuwa nikimwomba Mungu amfanye aache kile kisu. Sasa nilitamani kumkimbilia na kumrudishia mfukoni kwa nguvu. Nililia pale pale mbele ya wauza ndizi, kisu mkononi, na mama mmoja akaniuliza ni nani aliyefariki.