Jumamosi ya Tarumbeta

Refa alipopuliza filimbi, binti alikuwa tayari amepanda juu ya benchi, na mama yake amemshika sketi kwa nyuma asije akaanguka.

"Refa, hayo ni macho au vifungo?" binti alipiga kelele. Jukwaa zima likaangua kicheko.

"We mtoto!" mama alimvuta. "Mtu mzima yule!"

Mtoto hasikii. Chuoni walimwita Tarumbeta, jina ambalo mama alilisikia kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alipofika bwenini bila taarifa akiuliza chumba cha mwanawe. "Aa, Tarumbeta!" mlinzi alisema, na mama akadhani amekosea mlango.

Nyumbani binti huyu alikuwa mtu wa ndiyo na hapana. Tangu baba yake afariki, maneno yalimkauka kinywani. Alikula, akaosha vyombo, akalala. Mama, fundi wa kushona nguo, alimwongelesha huku akishona, na kilichomjibu ni cherehani. Alipoenda chuo, kwenye simu ikawa vilevile: "Mzima, mama. Nasoma, mama. Jumamosi sipo, naenda uwanjani." Kila Jumamosi uwanjani! Mama akawaza na kuwazua: ama kuna mwanamume, ama mtoto ananyauka huko peke yake. Akafunga duka, akapanda basi, na alipofika tu akalitoa lililomleta.

"Shangazi yako amekupatia nafasi kwenye chuo cha pale karibu na nyumbani. Muhula ujao urudi, mwanangu. Tukae wote."

Binti alitazama sakafu. "Sawa, mama." Kisha akaongeza: "Lakini leo tuna mechi."

Sasa mechi ilikuwa robo ya mwisho, na kila sekunde iliyopita binti aliihisi ikimponyoka yeye. Maishani mwake hakuwahi kucheza mpira wa kikapu. Mwaka wa kwanza aliingia ukumbini humu kukimbia mvua tu, akakaa nyuma kabisa. Palikuwa na mchezaji mmoja mfupi, anarusha anakosa, anarusha anakosa, na kila akikosa anarudi mbio kulinda kana kwamba hakuna kilichotokea. Binti akajikuta amesimama: "Rusha tena!" Alishtuka, akageuka kutazama ni nani aliyesema. Tangu siku hiyo, isipokuwa kwa mtihani, hakukosa mechi. Hakujua kulieleza vizuri jambo lenyewe. Alijua tu kwamba humu ndani mtu anaweza kupenda kwa sauti, mbele za watu, akashindwa, na wiki inayofuata akaja tena kupenda.

Zilibaki sekunde chache, timu iko nyuma kwa pointi moja. Mfupi akapokea pasi ndefu, akachezewa rafu, akapewa mitupo miwili. Ukumbi ukatulia tuli.

"Rusha, dada!" Tarumbeta aliita, sauti imekwaruza. "Tupo!"

Wa kwanza ukagonga chuma, ukatoka. Wa pili ukazunguka mdomo wa kikapu, ukasitasita, nao ukatoka. Wapinzani wakaudaka mpira. Filimbi ya mwisho.

Binti alishuka kwenye benchi, akakaa, machozi yakimtiririka bila aibu. Alipogeuka, alimkuta mama naye analia.

"Mama, na wewe? Hata sheria huzijui!"

"Silii mpira mimi." Mama alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Sauti yote hii, mwanangu, ulikuwa umeiweka wapi?"

Binti alijipangusa mashavu kwa kiganja. Na yule mfupi alikuwa anapanda ngazi kuja kwao, taulo shingoni, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Tumeshazoea." Alicheka kidogo. "Kuna mechi moja ya ugenini, huyu alikuwa na mtihani. Mama, kimya kile, tulikuwa tunasikia tunavyohema wenyewe." Akambonyeza Tarumbeta begani, akashuka.

Watu walitoka, wao wakabaki wamekaa.

"Baba angeipenda ile pasi ya mwisho," binti alisema.

Mama alimgeukia. Tangu mazishi, neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwa mtoto huyu.

"Baba yako?" alisema taratibu. "Angekuwa anakoroma tangu mwanzo."

"Angekoroma upande wetu."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono.

"Na shangazi je?" binti aliuliza. "Tutamwambia nini?"

Mama aliinama, akalegeza kiatu kilichokuwa kinambana. "Basi la jioni bado," alisema. "Hebu nieleze kwanza. Yule refa uliyemzomea, kwa nini alimnyang'anya mpira mfupi wetu?"

Binti akaanza kueleza, mikono ikichora hewani: hatua, kudunda, mstari, faulo. Mama aliuliza, akapinga, akauliza tena. Chini, mfanyakazi wa usafi alikuwa akipitisha dekio kutoka goli hadi goli. Alipofika usawa wao aliinua macho, akaona hawajamaliza, akageuka na kuanza tena upande wa pili.