Magugu ya Nicanora

Fermín alikuwa hodari wa jambo moja tu: kuwasha kiberiti. Kila mwaka alichoma mteremko wake mpaka ukabaki mweusi, mvua ikayazoa majivu yote hadi mtoni, naye bila haya akaendelea kujiita mkulima. Nicanora, mjane wa kaka yake, alimdharau waziwazi.

Yeye shamba lake alikuwa amelipumzisha miaka miwili chini ya upupu, ule usiowasha, ambao kijijini kwao El Zapotal huitwa maharage ya mbolea. Ulitambaa ukafunika kila kitu. Lakini desturi ya kijiji ni kwamba shamba lisilofyekwa miaka miwili limetupwa, na kamati humpa anayelitaka. Fermín alilitaka.

"Jionee mwenyewe, mwenyekiti," alisema kamati ilipopanda kukagua, Desemba. "Hili ni shamba au zizi la nyoka? Shemeji yangu amechoka. Nipeni mimi, wiki moja tu litakuwa safi!"

"Safi kama lako?" Nicanora akacheka. "Lako safi kweli, shemeji. Hata udongo umeufagia."

Akashika panga, akafyeka pahali pa kutosha mtu kulala, kisha akampa mwenyekiti, Don Wenceslao, mti wa kupandia mahindi. Mwenyekiti akauchomeka, ukazama nusu nzima, ukatoka na udongo mweusi wenye nyungunyungu. Akavuka mpaka, akauchomeka kwa Fermín. Ukagonga ko! ukarudi juu, mwenyekiti akabaki anasugua kiganja.

"Sasa aliyetupa shamba ni nani?" akauliza, akiwa amekasirika. "Mama, endelea na shamba lako."

Nicanora akawakaribisha wote kahawa. Fermín naye akaingia, maana uso wake ulikuwa mkavu, akanywa vikombe viwili.

"Kahawa yako siku zote ni nzito, shemeji. Unaitoa wapi?"

"Kahawa gani? Hizo ni mbegu za magugu yangu, nimezikaanga. Mwaka wa pili huu unazinywa na kusifia."

Wanakamati waliangua kicheko. Fermín akakiweka kikombe chini.

"Basi nigawie mbegu kidogo," akasema kwa sauti ya chini. "Za kupanda."

"Ninazo gunia zima." Nicanora akanyoosha mkono. "Lakini kwanza lete hicho kiberiti."