Breki Haina Sauti

Muuza mikate wa mtaa wetu alinifuata hadi dukani ninakouza vigae, akaniambia taa za breki za baba haziwaki. "Dada, jana nimepona kwa bahati. Kapteni kasimama mbele yangu bila taarifa, mikate imeruka mpaka kwenye kioo." Nikamwambia asante, nitalishughulikia. Sikushtuka. Tangu daktari aseme figo za mama zimechoka, kushtuka kulikuwa kumenitoka. Nilikuwa naamka, nauza vigae, narudi, nalala, na mtu akiniuliza habari namjibu nzuri.

Baba ndiye aliyekuwa akimpeleka mama hospitali kusafishwa damu. Aliendesha malori maisha yake yote, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kapteni, na tangu astaafu kazi yake ilibaki hiyo moja. Mimi nisingeweza kumpeleka na bado nikabaki na kibarua changu. Gari lile likisimama, nyumba nzima ingesimama.

Nikalipeleka kwa fundi umeme. Yeye akakanyaga pedali, mimi nikasimama nyuma ya gari kuangalia.

"Zimewaka?"

"Zimewaka."

"Zote?"

"Zote."

Hakuridhika. Akafungua vifuniko vya taa, akatoa balbu moja moja na kuzitazama juani. Akachomoa fyuzi, akairudisha. Akajikunja chini ya usukani mpaka zikabaki kuonekana soksi zake tu, akaitikisa ile swichi ndogo iliyo juu ya pedali. Mwishowe akaibadilisha, nadhani kwa kuona aibu kuniacha niondoke mikono mitupu. "Sasa hata ukigusa kwa kidole, zinawaka," akasema.

Wiki haijaisha, muuza mikate akarudi. Safari hii hakuwa na utani. "Haziwaki, dada. Njoo ujionee."

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari lake la mikate, tukawafuata baba na mama kwa nyuma. Kwenye njia panda ya kwanza gari lao lilipunguza mwendo, kisha likasimama kwa mshtuko, mkia umechuchumaa. Taa nyekundu haikuonekana hata ya kusingizia. Njia panda ya pili nikaona kingine. Kila gari lilipotaka kusimama, bega la mama lilishuka kuelekea katikati, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka kati ya viti. Bega linashuka, gari linasimama. Tulipofika kwenye geti la hospitali nilikuwa nimeshaelewa. Baba hakuwa akikanyaga breki kabisa. Mama ndiye aliyekuwa akivuta breki ya mkono, na breki ya mkono haiwashi taa za nyuma.

Niliwakuta bado wamekaa, mikanda hawajafungua.

"Baba, mguu una nini?"

Alimtazama mama kwanza. "Ni sukari," akasema. "Mguu wa kulia nauona, lakini siusikii. Mafuta nakanyaga kwa sikio, injini yenyewe inaniambia imetosha. Breki haina sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua," mama akajibu kwa niaba yake. "Yeye akisema sasa, mimi navuta. Hatujamgonga mtu."

Niliutazama mkono wake wa kulia. Ndio ule ulioshonwa mshipa wa kusafishia damu, ule ambao wauguzi walimkataza kubebea hata ndoo.

"Mngeniambia."

"Tungekwambia, ungechukua ufunguo," mama akasema. "Baba yako angebaki na nini?"

Baba akauchomoa ufunguo mwenyewe, akaniwekea kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa vidole vyake. Nilijua kwamba hapo ndipo mtoto wa watu hulia. Nikasubiri, machozi hayakuja. Nikautia ufunguo mfukoni, nikazunguka upande wa pili kumsaidia mama kushuka.

Mama alipokuwa kwenye mashine nililipigia simu duka la vigae. Bosi akasema kama ni kila siku ya hospitali, basi atatafuta mtu mwingine. Nikamwambia amtafute.

Kurudi niliendesha mimi. Mama alikaa mbele, mahali pake. Baba alikaa nyuma, magoti ameyabana kama mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba asiyoijua. Tulipokaribia njia panda nilikuwa nimeshaanza kukanyaga breki taratibu, nikamsikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini, "Sasa."

Mama akavuta.

Gari lilikwama kwa kishindo. Mtu wa nyuma yetu akapiga honi ndefu. Mama aliutazama mkono wake juu ya ile breki, baba akageukia dirishani, na wote wawili walikuwa na sura ya watu waliofumaniwa. Nilidhani nitakasirika. Nikaishusha breki, nikauchukua mkono wa mama nikauweka mapajani mwake, nikaondoa gari.

Njia panda iliyofuata nilipunguza mwendo, nikauweka mguu juu ya pedali bila kuikanyaga. Kwenye kioo nilimwona baba ananyoosha shingo kuitazama barabara.

"Sasa, Baba?" nikamwuliza.

Akasogea mbele, akaushika mgongo wa kiti changu.

"Bado," akasema. "Bado kidogo."

Nikasubiri aseme.