Uma Upande wa Kushoto

Mume wangu alinichapa kwa rula kwa sababu ya uma. Niliuweka mbali na sahani, yeye akautaka karibu. Rula yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya binti yetu Jesca tangu yuko darasa la sita, na jina lake bado lilikuwa limeandikwa juu yake kwa wino wa bluu. Alinipiga nayo kwenye vifundo vya vidole mara tatu, kisha akainama na kupima pengo kati ya uma na sahani, taratibu, kama seremala.

"Sentimita mbili, Mama Jesca. Mbili! Unataka watu wa Dar waseme tumewalisha kwenye banda la mbuzi?"

Vidole vilikuwa vinawaka moto, na sahani zilikuwa bado tano.

Yeremia ni msimamizi wa ghala kiwandani. Miaka minne iliyopita alipelekwa semina ya siku tatu kwenye hoteli moja huko Arusha, na tangu hapo nyumba yetu ya Bigwa haijatulia. Alirudi na habari njema ya meza: uma kushoto, kisu kulia na makali yatazame sahani, glasi juu ya ncha ya kisu. Watu huenda semina wakarudi na begi na kalamu. Wangu alirudi na sababu mpya za kunipiga, maana za zamani alikuwa ameshazimaliza.

Siku hiyo ilikuwa kubwa kweli, sikatai. Jesca ni mwanetu wa pekee, mwalimu, ana miaka ishirini na minne. Mchumba wake Deusi, kijana wa benki mwenye viatu vya kung'aa, alikuwa anakuja kutoka Dar na baba yake na shangazi yake kuleta barua ya posa. Yeremia akaamua wapokelewe kwa chakula cha jioni cha heshima, mezani, kwa uma na visu. Beseni la kunawia akalificha nyuma ya mlango wa stoo. Alisema beseni ni ushamba.

Nilipanga meza tangu saa nane. Kitambaa cheupe nilikipiga pasi mara mbili. Kiti cha mwanzo, kile cha kuelekea mlango, nikamwekea kaka yangu Kasimiri.

Hapo lazima nieleze, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba ni baba, anaheshimiwa, lakini msemaji wa mtoto ni mjomba. Kwetu chakula cha posa huonjwa kwanza na mjomba. Akionja, posa imepokelewa. Asipoonja, hata mngekula ng'ombe mzima, mmekula tu. Yeremia si Mluguru, ila ameishi na sisi miaka ishirini na mitano na haya anayajua. Siku alipokuja kunioa mimi, alisimama mbele ya mjomba wangu akitetemeka, akisubiri mzee amege kuku.

Yeremia akaingia sebuleni, akahesabu viti, akasimama kwenye kile cha mwanzo.

"Hapa anakaa nani?"

"Kaka."

Kofi lilikuja kabla sijamaliza neno. Mdomo ukapasukia kwenye meno, nikashika ukingo wa meza nisianguke, na tone la damu likadondoka katikati ya kitambaa cheupe. Yeremia alilitazama lile tone kwa uchungu, na nilijua uchungu ule si wangu.

"Angalia ulichofanya," akasema. "Kasimiri hajui hata kushika uma. Atakaa kule mlangoni, kwenye kigoda. Hii ni nyumba yangu na huyu ni binti yangu."

Muda wa kupiga pasi kitambaa kingine haukuwepo. Nikasogeza chombo cha maua juu ya tone, kikakaa upandeupande, mahali pasipo na maana yoyote.

Kaka alifika saa kumi, ameshuka na gari kutoka kwetu milimani, Mgeta, amevaa koti lake la kanisani na kubeba kiroba cha njegere na karoti. Jesca akampigia magoti, "Shikamoo, mjomba," naye akamwekea mkono kichwani. Kisha akanitazama mimi.

"Fina. Mdomo umefanyaje?"

"Nimejigonga kabati, kaka."

Pale sebuleni kuna kabati la vyombo la mninga, na kwa miaka yote ya ndoa yangu ndilo limebeba lawama. Jino langu la juu lilivunjwa na kabati. Jicho la Pasaka ya mwaka juzi, kabati. Majirani wanajua, padri anajua, mama mwenye genge anajua. Kabati lile lingekuwa na miguu lingeshahama nyumba.

Kaka akaligeukia, akalikagua juu hadi chini.

"Kabati hili," akasema polepole, "linatumia mkono wa kulia."

Nilikimbilia jikoni. Niliona aibu, na kwa kuwa niliona aibu nilimkasirikia yeye badala ya Yeremia. Ndivyo nilivyokuwa nimezoea. Nilipomwambia kuhusu kigoda cha mlangoni hakubisha. Alisema tu kwamba mlangoni kuna upepo mzuri.

Saa kumi na mbili kasoro Deusi alipiga simu kusema wamefika Mikese, karibu kabisa. Yeremia akapita na rula mara ya mwisho, akipima kila uma, na mimi nikimfuata nyuma. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: Jesca aolewe vizuri, atoke nyumba hii, apate meza yake mwenyewe ambayo hakuna anayeipima. Kwa hilo ningechapwa rula mpaka asubuhi na nisingelia.

Wageni wakaja. Mzee Fransisko, baba yake Deusi, alikuwa mtu mpole, mnene, anayehema kwa ngazi tatu tu za baraza. Alimwamkia kaka pale mlangoni kwa mikono miwili, akashangaa kumwona kwenye kigoda, lakini mgeni hapangi viti. Yeremia akakaa kile kiti cha mwanzo. Deusi akakaa karibu na mimi, na Jesca kushoto kwake. Nikampelekea kaka sahani yake ya pilau mlangoni, akaipakata.

Mambo yakaenda. Yeremia aling'aa. Alimwonyesha shangazi namna ya kukunja kitambaa cha mkono, akacheka kwa sauti, akaniita "mke wangu mpenzi" mara mbili, jina ambalo nilikuwa sijalisikia tangu siku ya harusi yetu. Mzee Fransisko alisogeza chombo cha maua apate nafasi ya bakuli la kuku, akaona tone.

"Naona mchuzi umetutangulia," akatania.

"Ni mke wangu," akasema Yeremia. "Mikono yake mizito."

Wakacheka wote. Kaka hakucheka.

Deusi alikuwa anasimulia jinsi alivyokutana na Jesca kwenye harusi ya rafiki yao Dodoma. Jesca akatabasamu, "Iringa, Deusi. Ilikuwa Iringa." Basi. Neno hilo tu. Deusi naye akatabasamu, akasema kweli, Iringa, kichwa chake kina mambo mengi, na mkono wake wa kushoto ukateremka chini ya kitambaa.

Mimi kijiko cha kupakulia kilikuwa kimenitoka. Nikainama kukiokota. Chini ya meza niliona mkono wa Deusi umekishika kidole kidogo cha mwanangu na kukikunja kinyume, kwa utulivu, kama mtu anayevunja kijiti. Juu, sauti yake iliendelea kusifia pilau. Miguu ya Jesca ilikuwa imejikaza, visigino vimenyanyuka kutoka sakafuni.

Nikainuka. Nikamwita anisaidie jikoni, nikafunga mlango, nikamkamata mkono na kupandisha lile shati lake la mikono mirefu. Lilikuwa joto la Machi na mtoto amejifunga mpaka kwenye viganja, na mimi mama yake nilidhani ni fasheni. Kulikuwa na alama za vidole mpaka karibu na kiwiko, nyingine mbichi, nyingine zimeshageuka kijani.

"Nini hiki?"

"Si kitu, mama."

"Jesca, nini hiki?"

Akanitazama, macho makavu kabisa.

"Kabati," akasema.

Yeremia amenipiga kwa mkanda, kwa kiatu, kwa mwiko wa moto. Hakuna kilichowahi kuniingia kama neno lile. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Nilidhani namficha, kumbe nilikuwa nampa somo kila siku, na amelishika vizuri kuliko hesabu. Sebuleni Yeremia alikuwa anatuita.

Shangazi alikuwa ametoa barua ya posa na kuiweka kwenye sahani ndogo. Yeremia alisimama na glasi ya soda mkononi.

"Mimi kama baba," akasema, "nimepokea."

Deusi akaweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, juu ya mkono wa Jesca, watu wauone upendo. Shangazi akasema "Jamani!" Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nikiweka sahani za supu, na nilikuwa wa karibu kuliko wote, ndiyo maana niliona dole gumba lake lilipokuwa. Lilikuwa linabonyeza kile kidole kilichovimba. Alibonyeza na kuachia. Jesca akatabasamu, na tabasamu lile ni langu, nalijua kwa kioo.

Sikuwa na haja ya kutafuta uma. Ulikuwa upande wa kushoto wa sahani, sentimita mbili.

Niliuchoma kwenye mgongo wa mkono wake kwa nguvu zangu zote. Ukaingia, nikausikia umegota kwenye mfupa. Deusi akalia kama mbuzi, akaurusha mkono juu na uma umesimama ndani yake, damu ikamrukia shangazi kifuani. Kiti chake kikaanguka, naye akaanguka nacho.

Yeremia alinifikia kwa hatua mbili. Alinishika shingo, akanizungusha, akanibamiza kwenye kabati mpaka mlango wa kioo ukapasuka mgongoni mwangu na vikombe vikamwagika. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, kabati likanigonga kweli. Akanyanyua ngumi mbele ya wageni wake wote. Semina ilikuwa imemtoka yote.

Ndipo Jesca akakamata ncha mbili za kitambaa cha meza na kuvuta. Vyote vilikwenda: supu ya moto, bakuli la kuku, glasi, chombo cha maua, visu na makali yake. Supu ikampata Yeremia mapajani. Akaniachia, akamgeukia mtoto na mkono juu, na mkono ule haukushuka. Kaka Kasimiri alikuwa ameshaudaka. Ni mzee wa miaka sitini na tano, lakini amelima matuta ya Mgeta kwa jembe maisha yake yote. Aliupinda ule mkono nyuma bila haraka mpaka kitu begani kikalia, na Yeremia akapiga magoti juu ya vipande vya sahani zake.

"Shemeji," kaka akasema, "umesahau kitu."

Akarudi mlangoni, akaichukua sahani yake na kuwaonyesha. Pilau ilikuwa imepoa, mafuta yameganda, haijaguswa.

"Mimi sijala."

Mzee Fransisko alimtazama, akaitazama ile sahani, akamtazama Jesca aliyekuwa bado ameshika kitambaa, mkono wa shati umepanda hadi kwenye kiwiko. Alitazama zile alama kwa muda mrefu. Kisha akainama kwa shida, akaiokota barua kwenye mchuzi, akaitia mfukoni.

"Tumeelewa," akasema. Hakumtazama mwanawe hata mara moja.

Mgongo wangu ulikuwa unatiririka damu. Zahanati wakasema hawawezi kunishona bila fomu ya polisi, hivyo kaka na Jesca wakanipeleka kituoni. Nani tunamkuta kaunta? Deusi. Naye amefuata fomu. Mkono ameufunga kwa kipande cha kitambaa changu cha mezani, kile nilichokipiga pasi.

"Ajali tu, afande," alikuwa anasema. "Nilikuwa nakata nyama, nikateleza."

"Muongo," nikasema. "Nimemchoma mimi, kwa uma. Naitwa Josephina. Andika."

Afande akaiweka kalamu chini. "Mama, unajua unachosema?"

"Najua. Ukimaliza la kwake uandike na la kwangu. Mume wangu amenibamiza kwenye kabati leo, na kabla ya leo miaka ishirini na mitano. Anaitwa Yeremia. Yuko nyumbani anaokota sahani."

Deusi alikuwa anatazama sakafu. Afande akashusha pumzi, akachukua fomu ya pili, kisha akamwona Jesca nyuma yangu na ule mkono wake.

"Na wewe binti? Umejigonga wapi?"

Jesca akanitazama. Nilitaka kumsemea, kaka akanifinya bega ninyamaze. Jesca akasogea kaunta, akaulaza mkono wake juu ya kitabu cha afande, chini ya taa.

"Sikujigonga," akasema.