Ukurasa wa Alhamisi

Chini ya sinki la Verlene Gaddis kulikuwa na ndoo ya bluu yenye mfuniko, na ndani yake vitambaa vya flana ambavyo watu kumi wa nyumba ile walivitumia chooni badala ya karatasi. Verlene alikuwa ameufunua mfuniko ili wenzake waone. Haya hakuwa nayo hata chembe.

"Unaviloweka kwenye siki siku mbili," alisema, "halafu mashine, maji ya moto, kwisha habari. Mwaka wa sita huu sijanunua karatasi ya chooni. Nuseni wenyewe, havinuki!"

Vilinuka. Marnie Tolliver alikuwa amekaa jirani kabisa na sinki, maana alichelewa kufika na viti vya mbali vilikwisha kukaliwa, na kikombe chake cha kahawa alikisogeza mbali. Alitabasamu kwa midomo tu. Alijiuliza ni mkono upi wa Verlene uliokamua vitambaa vile na ni upi uliokata mkate wa mahindi uliokuwa mezani, na tangu dakika hiyo hakuugusa tena mkate ule.

Walikuwa kina mama sita, wote wakifundisha watoto wao nyumbani, na kila Alhamisi walikutana hapo shambani kwa Verlene, kusini mwa Missouri, watoto wao kumi na saba wakisoma pamoja sebuleni. Zamu ya kufundisha ilikuwa ya mama mmoja; waliobaki walikaa jikoni wakipeana vidokezo vya nyumba na malezi. Sharti lilikuwa kila mmoja aje na chake. Verlene aliviandika vyote daftarini, akavichapa kwenye ukurasa mmoja, na wiki iliyofuata ukurasa huo ukaenda kwa kila familia.

Marnie alikuwa katika wiki yake ya tano hapo na alikuwa hajatoa hata kimoja. Kurasa alizopewa hakuzisoma. Alizichukua kwa ncha za vidole na kuzisokomeza kwenye faili la binti yake, pamoja na karatasi za mwandiko ambazo binti alirudi nazo kila Alhamisi, nazo pia hakuzitazama. Kitu kilichotoka jikoni mle, kwa maoni yake, kilistahili kunawiwa mikono.

Alivumilia kwa sababu ya Tessa. Tessa alikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto pekee, na alikuwa bado anakojoa kitandani. Si kila siku, lakini mara tatu kwa wiki haikosekani. Madaktari walisema hali hiyo itaisha yenyewe. Mwezi wa Aprili darasa lake lilikwenda kulala kambini siku moja, na asubuhi wasichana watatu waliolala naye hema moja wakaligundua. Jumatatu yake Tessa alikuta nepi kwenye dawati lake, imekunjwa vizuri na kufungwa utepe. Marnie alipoisikia habari hiyo alitamani kwenda kuwararua wale watoto kwa kucha. Badala yake alimtoa Tessa shule.

Na Tessa alimwapisha. "Usimwambie mtu, mama. Hata bibi. Sema naapa." Marnie akaapa, mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

Sasa Tessa alikuwa na rafiki. Alikuwa Kezia, binti wa Verlene, wa umri uleule, mwenye meno yaliyopishana na kicheko kama cha bata. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili Tessa aliimba ndani ya gari. Wiki iliyopita Kezia alikuwa amemwalika kulala kwao, na Tessa alikuwa amejibu kwamba mama yake hapendi, akaibeba mwenyewe aibu ya uongo ule. Kwa ajili ya bata huyo mmoja, Marnie angekaa jirani na ndoo yoyote.

"Zamu yako, Lucinda," Verlene alisema akifunika ndoo.

Lucinda alikuwa mama wa wavulana watano. "Mimi langu ni la bafu," alisema. "Wote watano beseni moja, maji yaleyale. Anaanza msafi, anamalizia mchafu. Yule wa mwisho akitoka, maji unamwagilia nyanya."

"Nyanya hizi?" mmoja aliuliza, uma ukiwa njiani.

"Hizohizo, shoga. Unauonaje utamu wake?"

Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Marnie alizitazama nyanya zilizokatwa kwenye sahani, nono, zikitoa maji, akaisukuma sahani kwa jirani yake. Kwenye jiko sufuria ya miguu ya kuku ilikuwa inachemka siku ya nne bila kuzimwa, povu la kijivu limeganda ukingoni. Hivi wanawake hawa walikuwa na pua kweli? Yeye nyumba yake iling'aa. Yeye alikuwa na siku tatu za mkojo kila wiki na mgeni angeingia asisikie harufu ila ya sabuni. Nyani haoni kundule, lakini Marnie siku ile alikuwa hata hajui kwamba amegeuza mgongo.

"Na wewe, mwenzetu?" Verlene alimgeukia. "Wiki ya tano hii. Au umekuja kutupima tu?"

"Mimi sina la maana."

"Mwenye nyumba safi kama yako? Lucinda alikuja kuchukua vitabu, akasema sakafu yako mtu anaweza kulia chakula juu yake. Toa siri, mama! Mficha uchi hazai."

Waliangua kicheko tena, macho yote kwake. Alijua wanamwona mwenye maringo. Na ni kweli alikuwa na maringo, na maringo ndiyo yaliyomfungua kinywa. Alitaka, mara moja tu, wanawake hawa wanaooga maji ya wenzao wasikie usafi ni nini.

"Haya," alisema. "Kitanda kikikojolewa. Tandika mara mbili: nailoni, shuka, halafu nailoni nyingine na shuka nyingine juu. Likitokea, unabandua tabaka la juu tu, mtoto anarudi kulala pakavu. Kama limefika godoroni, siki nusu na maji nusu, unanyunyiza, unafunika kwa magadi ya unga mpaka yakauke, unafyonza kwa mashine. Halafu jua, pande zote mbili. Hakuna atakayejua. Na mtoto mkubwa usimnyime maji jioni, haisaidii, inamtia uchungu tu. Mpe kazi ya kubandua mwenyewe, asijione mzigo."

Kalamu ya Verlene ilikuwa inakimbia.

"Mtoto mkubwa," Lucinda alirudia polepole. "Lakini wewe unaye mmoja tu."

Hapo angeweza kusema uongo. Angemtaja mpwa, jirani, yeyote. Lakini nyuso zilizomzunguka hazikuwa na kejeli. Lucinda alikuwa ameshika kifua. "Jamani, pole! Wangu wa pili alikojoa mpaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa nalia chooni peke yangu." Mwingine akasema hajawahi kusikia kitu chenye akili kama tabaka mbili. Verlene alipiga meza kwa kiganja: "Hicho ndicho kidokezo! Mwaka mzima hatujapata kama hicho!" Wakapiga makofi, wanawake wazima, kwa ajili ya godoro.

Marnie akaona raha. Tuseme ukweli: aliona raha tamu, kwa sababu miaka mingi alikuwa amefua shuka zile peke yake na hakuna aliyewahi kumwambia hongera. "Lakini lisitoke hapa," alisema, akiwa bado anatabasamu.

"Litoke liende wapi?" Verlene alisema. "Hapa sote ni nyumba moja."

Alhamisi iliyofuata Marnie alimshusha Tessa, akaenda kumpeleka mama yake kwa daktari wa meno, na aliporudi kwa Verlene ilikuwa saa tano na nusu. Aliingia kwa mlango wa mbele, ambao hakuuzoea, ndiyo maana akatokea sebuleni badala ya jikoni.

Watoto kumi na saba walikuwa wameinamisha vichwa kwenye meza ndefu. Verlene alisimama mbele yao na karatasi mkononi, akisoma taratibu, neno kwa neno, kwa sauti ya mwalimu wa imla.

"'Mpe kazi ya kubandua mwenyewe.' Nukta. 'Asijione mzigo.' Nukta. Mwandiko mzuri, Silas, usibane herufi. Juu kabisa mmeandika jina la aliyetoa? 'Kutoka kwa mama Tessa.' Shukrani iende kwa mwenyewe."

Marnie aliganda mlangoni. Imla. Karatasi za mwandiko alizozisokomeza kwenye faili wiki tano mfululizo bila kuzitazama, zile ndizo. Vidokezo vya Alhamisi moja vilikuwa imla ya Alhamisi ya pili, wala hakuna aliyemficha. Faili lilikuwa kwake nyumbani, kwenye rafu. Angesoma ukurasa mmoja tu, mmoja, angejua. Hakusoma kwa sababu alikuwa anaona kinyaa.

"Aa, Marnie!" Verlene alimwona, uso umejaa furaha. "Umefika wakati mzuri. Hapa tunapata saa ya mwandiko na saa ya maarifa ya nyumbani kwa mpigo mmoja. Sheria inataka saa elfu moja kwa mwaka, sisi hatutupi hata dakika!"

Tessa alikuwa amekaa katikati. Alikuwa anaandika. Masikio yake yalikuwa mekundu mpaka shingoni, lakini mkono haukusimama. Aliandika mpaka nukta ya mwisho, akaweka kalamu sambamba na karatasi, akakunja mikono. Hakuna aliyecheka. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamtazama kwa ile huruma ya watu wa kanisani. Mvulana mdogo wa Lucinda, aliyekuwa anachora tu, aliinua kichwa na kusema kwa nia njema kabisa, "Tessa, hata mimi huwa nakojoa. Lakini mimi nina miaka minne."

"Mdogo wetu Silas ana saba na anakojoa pia," Kezia alidakia, akimtetea rafiki yake kwa nguvu zake zote. "Si kitu! Siku ukija kulala kwetu tutatandika mara mbili!"

Tessa alisimama, akachukua koti lake, akapita mbele ya mama yake bila kumgusa hata kwa mkono wa koti.

Ndani ya gari alikaa nyuma. Siku zote alikaa mbele.

"Mwanangu, nisamehe. Sikujua kama ingesomwa kwa watoto."

"Ulipowaambia, walikucheka?"

"Hapana! Hata kidogo. Wala wewe hawakukucheka. Ni watu wema, walifurahi sana, walisema..." Akajikuta amefika ukingoni.

"Walisemaje?"

"Walinipongeza."

Tessa alilitafakari hilo. "Walikupigia makofi?"

Marnie alimtazama kwenye kioo. Kwa miaka kumi na moja aliondoa mkojo wa mtoto huyu kwa mikono yake na hakuwahi hata siku moja kuona kinyaa. Sasa alikihisi. Kilikuwa kinywani mwake, kwenye ulimi uleule uliotaja nailoni na siki huku ukionja sifa. Angetapika pale barabarani kama kutapika kungetoa kitu.

"Ndiyo," alisema. "Walipiga makofi."

"Ukafurahi."

Alitaka kukana. "Ndiyo," alisema tena.

Tessa aligeukia dirishani. Mashamba ya maharage yalipita, na mizinga ya nyuki, na tangazo la kanisa. "Nirudishe shule," alisema.

"Kwa wale? Waliokuwekea nepi?"

"Wale hakuna aliyewaambia kitu. Waliona wenyewe."

Marnie alibishana naye siku nne. Alimwahidi kikundi kingine, mji mwingine, mbwa. Verlene alipiga simu mara mbili kuuliza mbona waliondoka ghafla, na akamweleza kwa upole kwamba aibu ni kiburi kilichovaa nguo nyingine, na Kezia analia. Marnie alikata simu bila kuaga. Hata ile chuki aliyoizoea haikumjia tena kwa wepesi. Verlene alikuwa amesoma kwa sauti kile tu alichopewa.

Jumatano asubuhi walifika mbele ya shule. Watoto walikuwa wanamiminika kutoka kwenye mabasi ya njano, na karibu na mlingoti wa bendera Marnie aliwatambua wawili kati ya wale wa hema, wamerefuka, wakishindana kuzungusha mikoba yao. Alizima gari akafungua mlango ili amsindikize mwanawe mpaka ofisini, aongee na mwalimu, amweleze mambo yalivyo.

"Kaa humohumo," Tessa alisema.

"Nataka tu kuzungumza na mwalimu wako, mara moja."

"Najua." Tessa alikuwa amekwisha kushuka, mkoba begani, mkono mmoja juu ya mlango wa mama yake, akiusukuma urudi. "Watakuuliza habari zangu, mama. Na wewe utawaambia."