Hakuna Tatizo, Mwalimu

Kaka yangu Saia hupakia mizigo ya ndege pale uwanjani, na sijamwona akishindwa na kitu chenye uzito. Lakini mweke mbele ya mwalimu, analegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Sentensi moja tu," nilimwambia garini tukienda shuleni kwa bintiye. "Sema: Lesieli alikuwa msibani, tunaomba arudie mtihani wa hesabu. Basi, unafunga mdomo."

"Nimesikia, Dada."

"Haya, sema."

"Lesieli alikuwa msibani, tunaomba arudie mtihani wa hesabu."

"Na usichekecheke."

Lesieli alikuwa kiti cha nyuma, kikapu cha chakula mapajani, akajikoholesha kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Bila mtihani ule hangeingia darasa la juu la hesabu mwakani, na bila darasa lile asahau chuo cha ufamasia. Ufamasia ameutaka tangu alipokuwa anamsomea bibi yake, mama yetu, maandishi kwenye chupa za dawa. Na siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya kuomba arudie.

Mtihani wenyewe ulifanyika siku tuliyomzika shangazi yetu Otolose. Kwetu sisi Watonga, watu wa visiwani tuliohamia huku ugenini, dada wa baba yuko juu ya baba mwenyewe. Akifa, watoto wa upande wa kaka ndio wanaoshinda jikoni, wamejifunga mikeka mikubwa iliyochakaa, vazi letu la msiba, wakimenya magimbi na kupigana na moshi. Lesieli alikuwa huko na kisu mkononi wakati wenzake wanafungua karatasi zao. Saia hakupiga simu shuleni. Nani hupiga simu kuomba ruhusa ya kuzika?

Mkewe yuko kwetu Tonga anamuuguza mamake, kwa hiyo niliyekwenda naye ni mimi. Saia alivaa shati jeupe na mkeka wa kiunoni, ule mzuri wa kuendea kanisani. Kikapuni kulikuwa na nyama ya chumvi iliyofungiwa kwenye majani ya magimbi, imepikwa kwa tui. Juu ya kikapu aliweka ngatu, nguo ya magome ambayo mama yetu aliigonga kwa mikono yake mwenyewe. Ngatu ile nilitaka nizikwe nayo. Nilipomuuliza kwa nini atoe hiyo, alinishangaa.

"Dada, tunakwenda kwa mwalimu."

Chumba cha mwalimu kilikuwa kidogo, na kwetu kaka na dada hawabanani kwenye chumba kidogo namna ile. Mimi na Lesieli tungebaki kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi. Tulipofika, ndani kulikuwa na mama yake Imogen. Imogen ni mwenzake Lesieli darasani, na yeye pia aliukosa mtihani uleule, kwa sababu alikuwa kwenye mashindano ya farasi.

"Judith, mimi sielewi," mama yule alikuwa akisema. Alimwita mwalimu kwa jina lake, kama wanaolima bustani moja. "Mtoto kaenda kuwakilisha mkoa, wewe unampa sifuri?"

"Kirsten, tuna utaratibu..."

"Utaratibu unaruhusu arudie, nimeusoma. Jumanne itamfaa. Jumatatu ana daktari wa meno."

Mwalimu alicheka kidogo, akashusha pumzi. "Haya bwana. Jumanne."

Mama yule akatoka, funguo zikimlialia mkononi. Alituona, akatabasamu vizuri tu. "Nimewachelewesha, poleni," akasema, akaenda zake. Hakuwa na ubaya wowote. Alidai chake kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani.

"Umesikia?" nikamwambia Saia. "Jumanne. Sentensi moja."

Alichukua kikapu, akainama, akaingia.

Mwalimu Hartnell si mtu mbaya. Ningefurahi sana kama angekuwa mbaya, ningejua pa kuitua hasira yangu. Alipoifungua ngatu alishika mdomo. "Jamani, hii ni kazi ya mkono? Kweli ni yangu?"

"Ni yako, Mwalimu. Na chakula kidogo."

"Bwana Fonua, umenifanya nitokwe na machozi." Akaiweka kando taratibu. "Sasa, Lesieli. Binti ana adabu! Ananisaidia kupanga viti, hajawahi kunijibu vibaya. Ila hesabu... Kuna mtihani mmoja hakuufanya, ndio umemshusha. Wakati ule kulikuwa na tatizo lolote nyumbani?"

Hapo hapo. Mlango aliufungua mwenyewe, kilichobaki ni Saia kuingia. Nikamshika Lesieli mkono.

"Hapana," Saia akasema. "Hakuna tatizo, Mwalimu."

Najua alichokiwaza, nimelelewa naye. Msiba si tatizo, msiba ni wajibu, na sisi wajibu wetu tuliutimiza vizuri, watu walikula wakashiba. Kumtaja marehemu ili upewe kitu aliona ni kama kuomba sadaka juu ya kaburi. Tena mbele ya mwalimu ambaye ndiyo kwanza amemsifia mtoto!

"Basi naona darasa la hesabu za vitendo litamfaa zaidi," mwalimu akaendelea kwa upole. "Kupima mbao, kusoma ratiba za mabasi. Atakuwa na raha, hatabanwa. Unaonaje?"

"Wewe ndiye unayejua, Mwalimu."

Nilisimama. Mambo ya chumba kidogo nikayaacha kwenye benchi, nikaingia.

"Mtoto alikuwa msibani! Alikuwa anamzika mkubwa wetu. Tunataka arudie mtihani. Jumanne hiyohiyo aliyopewa Imogen."

Mwalimu akageuka, akanitazama bila hasira. "Samahani, wewe ni mama yake?"

"Shangazi yake."

"Uko kwenye kumbukumbu zetu kama mlezi?"

"Kwetu mimi ni zaidi ya mlezi. Jina la Lesieli nimempa mimi. Huyu baba yake mwenyewe, nikisema kaa, anakaa."

"Naelewa, na mila zenu naziheshimu sana." Nadhani alisema kwa moyo wake wote. "Ila mambo ya mtoto sheria inaniruhusu kuyazungumza na wazazi tu. Bwana Fonua, hili la mtihani ni ombi lako? Ukisema ndiyo, naweza kulitazama."

Saia alikuwa ameinamisha kichwa. Kulia kwake mwalimu, kushoto kwake dada yake, wote wawili juu yake, na kila mmoja anavutia upande wake.

"Saia," nikasema. "Tafadhali."

Sijawahi kumwambia kaka yangu tafadhali. Aliinua macho, akamtazama Lesieli pale mlangoni, nikadhani sasa atalisema. Kisha akaitazama ngatu mezani. Umpe mtu zawadi, halafu palepale uanze kumdai? Niliona mdomo wake unafunguka, na nikajua kitakachotoka.

"Hapana, Mwalimu. Msamehe dada yangu, ana uchungu wa msiba. Sisi tunashukuru."

"Natamani wazazi wote wangekuwa kama wewe," mwalimu akasema, akampa mkono.

Garini nilimtukana Saia mpaka daraja la Mangere, matusi ambayo dada hamtukani kaka. Lesieli ndiye aliyesema, "Shangazi, basi. Inatosha." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu mzima.

Mwaka mpya ukaanza. Imogen alikuwa ameshaurudia mtihani wake na kupita. Lesieli akapelekwa kwenye mbao na ratiba za mabasi, na chupa za dawa za bibi yake siku hizi anazisoma kimyakimya, hatwambii tena kila dawa inafanya nini. Saia anayabeba maneno ya mwalimu kila aendako: *natamani wazazi wote wangekuwa kama wewe*. Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa tunakula na wageni, alianza tena.

"Na ngatu ya mama yetu imetundikwa shuleni, ukutani, kwa mwalimu wa hesabu! Au siyo, mwanangu? Bado ipo?"

"Ipo, Baba," Lesieli akasema.

"Darasani kwenu?"

"Darasani kwa kina Imogen."

"Lakini unaiona?"

Lesieli alimwongezea baba yake magimbi kwenye sahani. "Mlango ukiwa wazi, naiona."

Saia akawageukia wageni, uso umemjaa furaha, kisha akanitazama mimi. "Dada, umesikia?"

Nilisikia.